Mzee wa Magomeni kwenye daftari la mama

Kila mwisho wa Oktoba mama alikuwa anatoa daftari chini ya godoro. Daftari la kawaida la mistari, kava lilishang'oka zamani. Ndani ni majina tu: marehemu wa upande wake, wa upande wa baba, majirani, hata kichanga cha shangazi ambacho hakikuwahi kupewa jina. Mstari wa mwisho haukubadilika: "na wote wasio na wa kuwaombea". Aliyanakili yote kwenye fulskepu, akaikunja kwenye bahasha pamoja na sadaka, tayari kwa tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Kabla ya kufunga bahasha alitusomea. "Raha ya milele uwape, ee Bwana." Nasi, jicho kwenye chapati, "Na mwanga wa milele uwaangazie."

Daftari sasa liko kwangu, Kimara. Mwaka juzi nilimpa mwanangu wa kidato cha pili anakili. Akashangaa kwa nini nisipige picha tu nikachapishe stesheneri. Nikamwambia andika. Katikati ya ukurasa wa pili kalamu ikasimama: "Mama, Mzee wa Magomeni ndiye nani?"

Sikujua. Nimeitikia jina hilo tangu utotoni na sikujua. Ikabidi nimpigie mama mdogo, Rombo. Kumbe ndiye aliyempangisha baba chumba alipokuja mjini mara ya kwanza, akamvumilia miezi mitatu bila kodi. Alikuwa Mwislamu, na mama hakuona tabu yoyote kumpeleka kanisani kila Novemba.

Hadithi hiyo ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja tu, na presha yake haishikiki.

Sisi Wachaga wa Dar tunajisifu kwamba hatuwatupi wazee wetu. Mtu akifa tunachanga, tunamsafirisha zaidi ya kilomita 500, tunamzika kihambani, shamba la ukoo kule Kilimanjaro, kati ya migomba. Sawa. Halafu kumbukumbu yenyewe tunaifungia huko huko, tunaifungua Desemba tukienda kula Krismasi. Watoto wanakalia makaburi ya vigae wakichezea simu, hawajui wamemkalia nani. Tuna fedha ya vigae na ya sare za msiba. Dakika kumi za kumweleza mtoto huyu alikuwa nani ndizo zinatushinda.

Desturi yenyewe haikuanza na kaburi la ukoo. Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, ndiye aliyeweka siku hii kwenye monasteri zake mwishoni mwa karne ya 10, waombewe waamini marehemu wote. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Papa Benedikto wa 15 akaruhusu kila padri kuadhimisha misa tatu siku hiyo. Vita hivyo vilipiganwa hapa kwetu pia. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, wengi bila kaburi lenye jina. Jeshi la wapagazi la Mwingereza, Carrier Corps, ndilo lililotuachia neno Kariakoo. Makonda wanaliita kutwa nzima, nasi tunapanda na mizigo yetu. Ule mstari wa mwisho wa mama, nadhani, ni wa wapagazi hao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtoto wa mjini hawezi kukumbuka kwa sababu makaburi yako mbali. Karatasi na kalamu ziko karibu. Parokiani kwetu kikapu cha bahasha kinawekwa mbele ya altare Novemba yote, hakimuulizi mtu kwao wapi.

Mimi nimekwenda mbali zaidi, na hapo ndipo nilipogombana na kaka. Nimesema nikifa nizikwe hapa hapa Dar. Makaburi ya Kinondoni yamebanana, basi hata ya Kondo kule Ununio, wanangu wapande daladala waje kung'oa nyasi Jumamosi yoyote, wasisubiri likizo wala nauli ya basi. Kaka akakasirika kweli. "Dada, ukalale na wageni?"

Nikamsimulia ya Mzee wa Magomeni. Hakujibu kitu, akaaga, akakata simu. Ila Novemba iliyopita alinitumia ujumbe wa majina mawili niyaongeze kwenye daftari, na jina moja mimi silijui. Nimempa mwanangu namba ya mjomba wake, aulize mwenyewe.