Mtoto Huyu Anasikia

Jumamosi nilifika Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, kwa kaka yangu, nikamkuta mwanawe wa darasa la nne amejifunika shuka gubigubi, chai imepoa kando. Jana yake, kipindi cha Kiswahili, mwalimu alimwinua asome peke yake. Sentensi ilianza na "Baba". Ana kigugumizi. Akakwama kwenye b, midomo imebanana, mishipa ya shingo imemsimama. Wenzake wakacheka. Mwalimu akamwambia akae, mtoto mkaidi hasikii anachofundishwa.

Anasikia! Masikio yake yamepimwa, ni mazima. Na mwalimu huyohuyo kila asubuhi hulisomesha darasa zima kwa pamoja, na ndani ya zile sauti themanini mtoto wetu husoma bila kukwama hata mara moja. Ukaidi gani huo unaoisha akiitikia na wenzake?

Hapo ndipo ninapoumia, maana jibu wanalisikia kila siku. Mtu anapoongea, ubongo husikiliza sauti yake mwenyewe na kuuongoza ulimi palepale. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alionyesha kwamba hata msemaji fasaha, akirudishiwa sauti yake masikioni ikiwa imechelewa kidogo tu, huanza kukwama na kurudia silabi. Wengi wenye kigugumizi wakifanyiwa hivyohivyo, maneno hunyooka. Hunyooka pia wakiimba, au wakisoma sambamba na mtu. Na picha za ubongo zimeonyesha kwamba wanapoongea wenyewe, sehemu za kusikia hazifanyi kazi sawa na za wengine. Mtoto wa kaka yangu hakuyachagua haya, na fimbo haiyafikii.

Woga? Nakubali, woga huzidisha. Lakini huo woga nani kampandia? Najua pia mwalimu ana watoto themanini na mikono miwili. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa kutibu matatizo ya usemi mwaka 2008, na mtaani kwetu sijamwona hata mmoja. Sawa. Kumwambia mtoto asome na jirani yake wa dawati hakungoji mtaalamu.

Jioni nilimbembeleza akatoa kitabu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia, "Baba, usinisubiri na usinikimbize. Twende wote."

Akaweka kidole chini ya neno, nikaanzisha, naye akaingia. B ikapita. Tulipofika mwisho, nikanyamaza, nikidhani amechoka. Akafungua ukurasa mwingine, akaniangalia.

"Shangazi, tena."