Niliagiza CPU, Nikaletewa CPU

Aisee wacha niwape hii, sasa hivi imeshapoa kidogo naweza kuicheka.

Mimi naedit video za harusi, nipo Mbagala, na mashine yangu ni yale maboksi ya ofisi yanayokuja mtumba, prosesa yake (ubongo wa kompyuta) ni i5-4570 ya mwaka 2013, ukiiambia itoe video ya dakika 40 unaenda kunyoa, unakula chipsi, unarudi inakwambia bado. Nikapata hela ya harusi mbili nikasema sasa basi, naweka prosesa i7-4790 maana soketi, yaani pale inapokaa, ni ile ile 1150, naweka kadi ya grafiki GTX 1660 Super, na pawasaplai mpya, lile boksi la kugawa umeme ndani, kwa sababu ya zamani ni wati 290 haina hata waya wa kulisha kadi, na kadi peke yake inakula wati 125. Hesabu nilipiga vizuri kabisa. Hesabu haikuwa shida.

Nikamtext jamaa wa Kariakoo. "Kaka CPU i7 ipo?" Ipo. "Bei?" "Bei rafiki, we tuma lokesheni." Na mimi na akili zangu timamu nikatuma. Baada ya saa moja na nusu bodaboda huyo, nyuma kafunga kompyuta nzima na mipira kama kreti la soda. "Bosi, mzigo laki nne na nusu, na elfu kumi yangu." Sasa hapo umlaumu nani? Mtaani CPU ni lile boksi, hata mimi mwenyewe nimekua naita hivyo, shuleni mwalimu aligonga boksi na rula akasema hii ndo CPU, tukaandika. Nampigia jamaa namwambia kaka nataka kile kidude cha ndani, cha bapa kama biskuti, ananiambia "aaah, si ungesema prosesa!" Nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mie.

Prosesa yenyewe ilipokuja iliingia bila neno, BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, nilishaapdeti, pesti ya kupitisha joto nikapaka kiduchu, ikawaka. Nikavimba kichwa.

Pawasaplai ndo ilinishusha. Wati 500, inang'aa, naitoa kwenye boksi plagi yake kubwa ina pini 24, mazabodi yangu, ile bodi kuu ya ndani, ina tundu la pini 8. Nane! Nikamulika na tochi, nikachungulia kila kona kama vile zile 16 zimejificha mahali. Kumbe mashine za ofisi baadhi zina mambo yao. Fundi wa jirani, mtu wa redio na pasi, akaja akaangalia akasema "lete kisu, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, rangi ni rangi tu." Nilimshukuru sana, nikamnunulia soda, nikamsindikiza mpaka getini, nikafunga geti. Nikaagiza adapta ya 24 kwenda 8, siku 11 naisubiri, huku bwana harusi ananipigia kila asubuhi kwamba kaka mke wangu ameshaanza kula udongo na video ya harusi hatujaiona.

Adapta ikafika jioni. Nafunga kila kitu, nyumba nzima imejaa chumbani kwangu inaangalia, nabonyeza, kimya. Mama anauliza luku imeisha nini? Luku ipo, feni inazunguka pale juu. Nikachomoa nikachomeka nusu saa nzima, jasho linanitoka, ndo naona kile kiswichi cha nyuma ya pawasaplai kipo kwenye 0. Nikakibonyeza kimyakimya wakiwa wanaangalia pembeni. Ikawaka! Feni zote zinazunguka, monita nyeusi tii. Nikatoa RAM nikazisugua na ufutio, nikatoa betri ya mazabodi nikairudisha, mpaka saa sita usiku nishaamini kadi nimeuziwa mbovu, nipo naandika meseji ya matusi kwa muuzaji, mpwa wangu wa darasa la nne (sijui hata kwa nini alikuwa hajalala) akaniambia, "Mjomba, mbona waya wa TV yako umechomeka pale pale pa zamani? Hiki kipya hujakichomeka kitu."

Nikafuta meseji.

Sasa nahamisha waya, monita yangu ni ya VGA, ile plagi ya bluu yenye skrubu mbili. Kadi ina HDMI, ina DisplayPort, ina DVI, bluu hakuna. Na kitu pekee chenye HDMI nyumba nzima ni TV ya sebuleni.

Ndo hivyo mpaka konveta ya HDMI kwenda VGA ipatikane. Kila siku nasubiri tamthilia ya Mama iishe, saa nne usiku ndo nabeba boksi naenda sebuleni, kazi nafanyia kwenye inchi 43, na mashine inakimbia kweli, sibishi. Ila hakuna anayeenda kulala. Jana mama mdogo alikuwepo na majirani wawili, wamejipanga kwenye kochi wananiongoza. Kuna kipande nilikikata, shangazi wa bwana harusi anatia paja la kuku kwenye mkoba, wakapiga kelele nirudishe. Nikarudisha. Wakaangalia mara tatu, halafu Mama akaniuliza, na hiyo kadi uliyonunua hela yote ile, haiwezi kumwonyesha taratibu?