Ofisi iko kwenye viazi, tasnifu iko Kariakoo

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemheshimu, afisa mipango katika halmashauri mojawapo ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, alinitumia pendekezo lake la utafiti nimsomee. Anachukua shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa maeneo, ile ya watu walio kazini, vipindi jioni na Jumamosi. Mada: wamachinga wa Kariakoo. Nikampigia, kwa nini Kariakoo wakati ofisi yako imezungukwa na mashamba ya viazi? Akajibu, "Dada, msimamizi anasema huko maandiko ni mengi, nitamaliza haraka."

Hasira yangu haijaisha, na simkasirikii yeye. Anayesoma kozi hii kesho asubuhi anarudi mezani kuandaa bajeti. Anasoma ajue fedha inaingiaje wilayani, inakaa mikononi mwa nani na inatoka kupitia wapi. Dodoso la Kariakoo halitamwambia.

Nisemee viazi, maana ndivyo ninavyovijua. Panda milima ya Uporoto wakati wa kuvuna. Gunia linajazwa hadi mdomo haufungiki, kisha vijana wanashonea wavu wa kamba juu yake na kuendelea kupanga viazi kimoja kimoja mpaka kinasimama kichuguu. Lumbesa hiyo. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini shambani hakuna mzani. Dalali ananunua kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, na kwenye kizuizi cha ushuru mwenye POS, ile mashine ya kukusanyia mapato, anahesabu magunia, anatoa risiti. Gunia likibeba kilo 130, mkulima wa magunia 10 ametoa kilo 300 bure, na halmashauri imekosa ushuru wa kilo hizo hizo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipata nafuu, ila kapu la halmashauri lilipungua, na tangu hapo kila kilo isiyohesabiwa inaiuma zaidi.

Sasa niambieni, nani amepiga hesabu kwamba mzani mmoja kwenye kituo cha kununulia utarudisha gharama yake kwa misimu mingapi? Dalali akikataliwa lumbesa kijiji hiki anavuka kwenda kijiji cha halmashauri jirani. Halmashauri hizo mbili zikikaa meza moja zikubaliane nini, na nani asimamie? Hiyo ni tasnifu nzima. Takwimu za ushuru ziko ofisini kwake, wakulima anawajua kwa majina, na matokeo yake yana watu wanaoyasubiri.

Wa Mafinga ana mbao, wa Njombe ana parachichi, wa Tunduma ana foleni ya malori mlangoni. Na ile mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024: kila ofisi ina kabrasha la vikundi vilivyoshindwa kurejesha, lakini vile vilivyorejesha vilifanya nini, ni wachache wanaouliza.

Haya, nakubali kwamba msimamizi ana wanafunzi wengi na mwenye ajira hana muda. Nakubali pia kwamba Dar es Salaam haikwepeki, maana viazi vyenyewe vinaishia kwenye masoko yake. Basi lifuate gunia mpaka huko, lakini anzia shambani.

Nilisoma na mama mmoja, mtendaji wa kata, aliyekuwa akishuka Kabwe, jijini Mbeya, na basi la alfajiri kila Jumamosi, daftari limebanwa kwapani, ada yote inatoka kwenye mkopo wa mshahara. Aliandika kuhusu mnada wa kata yake. Wenzetu waliiona mada ndogo. Sura yake ya nne ilionyesha kwamba siku ya mnada inagongana na gulio la kata ya pili, wanunuzi wanagawanyika, bei inashuka kote kuwili. Diwani akaomba nakala, wakakaa na wenzao wa upande wa pili, siku ikahamishwa. Sijui shahada gani nyingine mkoani kwetu imewaingizia watu fedha mfukoni upesi namna hiyo, na mpaka leo nikikumbuka najisikia fahari kama ni yangu.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili. Halmashauri inapomruhusu mtumishi kwenda kusoma, imwandikie kwenye barua ya ruhusa kwamba kazi yake ya mwisho itahusu eneo lake, na ataiwasilisha mbele ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Vyuo navyo viwape madiwani wawili na mfanyabiashara mmoja wa jumla viti siku ya utetezi, na maswali yao yahesabiwe kwenye alama.