Kabla fundi hajatoboa paa la gari lako, muulize hiyo antena inanasa nini

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa Gerezani pale Kariakoo nasubiri kubadilishiwa brekipadi, pembeni yangu kuna dada mmoja na Harrier yake, lile toleo wanaloliita tako la nyani, nyeupe, safi kabisa, na fundi kapanda kwenye ngazi kashika drili. Nikauliza kinafungwa nini. Kumbe kaka yake aliyeko Marekani kamtumia boksi la redio ya satelaiti, redio yenyewe, kiantena kidogo cheusi chenye sumaku chini na waya mrefu mwembamba, na fundi anasema atatoboa paa ili waya uingie ndani usionekane. Ncha ya drili ilikuwa imeshagusa rangi. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia dada samahani, hiyo redio hapa Dar haitashika hata stesheni moja, usikubali gari litobolewe.

Fundi hakufurahi na namuelewa kabisa, ile ni riziki yake na mi nimekuja tu kusubiri brekipadi. Lakini naandika hii makala kwa sababu hili jambo linaniuma, magari yetu yanatobolewa, yanakatwa waya, yanabandikwa mapezi ya papa, vile viantena vifupi vyenye umbo la pezi, juu ya paa, na mwisho wa siku mwenye gari hasikii chochote cha zaidi na hakuna aliyemueleza kwanini.

Tuanze na ya dada. Hizo redio za satelaiti za Marekani ni za SiriusXM. Zamani zilikuwa kampuni mbili, XM ilianza kurusha mwaka 2001 na Sirius 2002, zikaungana 2008. Mtu unalipia kwa mwezi, unapata chaneli kibao, na unaweza kuendesha kutoka mji hadi mji chaneli ile ile haikatiki, ni kitu kizuri sana kwa nchi kubwa kama ile. Ila satelaiti zake zimewekwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini. Ukisimama Dar hizo satelaiti ziko chini ya upeo wa macho, yaani dunia yenyewe imekaa katikati yako na hiyo mitambo, hata ukaipandishe antena kileleni Kibo hupati kitu.

Watu wengi wanadhani satelaiti ikishakuwa juu basi inaona kote, na sababu ni GPS, maana simu ya Marekani ukija nayo Mbagala ramani inafanya kazi vile vile. GPS ni habari nyingine, zile ni satelaiti zaidi ya 24 zinazoizunguka dunia kwa makusudi ya kuhudumia kila mahali. Redio ni kama dishi la king'amuzi. Fundi dishi yeyote wa Manzese atakwambia kila king'amuzi kina upande wake wa kuelekea, na kama satelaiti haijalenga eneo lako basi zungusha dishi mpaka jioni.

Na inauma zaidi kwa sababu sisi Waafrika tulishawahi kuwa na yetu. Kuna Muethiopia anaitwa Noah Samara alianzisha WorldSpace, satelaiti ya AfriStar ikarushwa Oktoba 1998, na mwaka uliofuata matangazo yakaanza, kabla hata hao XM hawajaanza kwao. Baba mdogo wangu Magomeni alikuwa nacho kile kiredio, antena yake bapa unaiweka dirishani unaielekeza juu upande wa magharibi, unaisogeza kidogo kidogo huku mtoto anakodolea macho alama za mawimbi kwenye kioo, na mtoto mwenyewe ndo mimi. Ikishika, sauti inatoka safi kama mtangazaji yuko sebuleni. Oktoba 2008 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika na mambo yakaisha. Mpaka leo nikiona neno satelaiti kwenye boksi la redio moyo unaruka kidogo, kwa hiyo yule dada simlaumu hata chembe.

Sasa kuhusu kufunga. Hata kama angekuwa Houston, ile antena haikuhitaji tundu. Sumaku ile ina kazi mbili, inashikilia, na inaikalisha antena juu ya bati, na hilo bati la paa chini yake linasaidia antena kunasa, ni sehemu ya mtambo. Ndo maana inatakiwa ikae juu ya paa, mbali kidogo na ukingo, mbali na keria, ione mbingu bila kizuizi. Ukiificha chini ya dashbodi au ukiibandika kwenye plastiki umeinyima nusu ya uwezo wake. Waya unashuka nyuma, unapita chini ya raba ya kioo au ya mlango wa buti, halafu unafuata raba za milango kwa ndani, chini ya zile plastiki za pembeni, mpaka mbele. Usibanwe na mlango, usikatwe kufupishwa, ule uliobaki unakunjwa taratibu unafungwa mahali ambapo haugusani na miguu ya dereva. Hakuna drili hapo. Kama una ndugu Marekani anataka kufunga, mtumie hii aya.

Ushauri huo huo unafaa hapa kwa kile kiantena cha GPS kinachokuja na redio za Android, ambacho mafundi wengi wanakisukumia nyuma ya redio kwenye bati halafu mteja analalamika ramani inampeleka baharini. Kiweke juu ya dashbodi karibu na kioo cha mbele, uso wake uangalie juu, basi.

Lakini ugonjwa mkubwa wa magari ya Dar ni FM ya kawaida kabisa, na hapa ndo nataka tukae kidogo. Magari yetu mengi yametoka Japani. Japani FM yao inaanzia megahezi 76 inaishia 90, na kuanzia 2014 wakaongeza stesheni za mpaka 95, sisi yetu inaanzia 87.5 mpaka 108. Kwahiyo redio ya zamani iliyokuja na gari utapata Clouds 88.5, utapata Wasafi 88.9, lakini EFM 93.7 hupati, Times 100.5 hupati, na mama yangu mwenye Upendo 107.7 yake ya asubuhi ndo kabisa. Mtu anasikia stesheni mbili tatu tu anaambiwa antena yako mbovu. Antena haina kosa!

Fundi anafunga eksipanda, kile kiboksi kidogo kinachokaa katikati ya antena na redio. Kinachofanya ni kushusha masafa, kwa mfano cha megahezi 20 kinaichukua 107.7 kinaileta 87.7 redio iione. Tatizo ni kwamba zile za chini nazo zinashushwa, 88.5 inaangukia 68.5 ambako redio haifiki, ndo maana ukishafunga unapata hii unapoteza ile, au zile zenye nguvu zinapenya hivyo hivyo na kugongana na nyingine. Mi maoni yangu, kama una uwezo badilisha redio nzima, eksipanda ni ya kujishikiza.

Na ukibadilisha redio, tafadhali sana, muulize fundi waya wa bluu kaupeleka wapi. Magari mengi antena yake siyo fimbo, ni mistari myembamba imechorwa kwenye kioo cha nyuma au cha pembeni, na ina kiboksi cha kuongeza nguvu ambacho kinataka umeme wa volti 12 kutoka kwenye redio. Redio iliyokuja na gari ilikuwa inautoa, redio mpya inautoa kwa waya wa bluu, fundi asipouunganisha kile kiboksi kimelala, na unabaki na redio mpya ya laki kadhaa inayokoroma ukifika Kimara. Nimeona magari yasiyopungua sita ya marafiki yamepona kwa waya huo mmoja. Pia tinted zenye chembe za metali ndani yake zikipigwa juu ya kioo chenye antena zinakula mawimbi, na chaja za sigareti za bei chee zinaleta mluzi, chomoa chaja kwanza kabla hujaenda kwa fundi.

Mapezi ya papa ya kubandika mengi yanayouzwa barabarani ndani hayana kitu, ni plastiki na gundi. Mawimbi ya FM yana urefu wa kama mita 3, robo yake ni sentimita 75, ndo maana fimbo ndefu inashika vizuri, na pezi fupi lazima liwe na kikuza nguvu ndani chenye umeme wake. Mi nilifungiwa kwenye IST yangu, fundi akang'oa fimbo, akatoboa tundu jipya katikati ya paa, akapaka silikoni, gari likapendeza kwa kweli. Masika ilipokuja maji yakaanza kushuka kwenye kitambaa cha dari, doa likakua mpaka juu ya kiti cha mtoto. Nilipolifungua pezi nikakuta waya wake umekunjwa ndani, haujaunganishwa popote. Nilikaa kwenye gari muda mrefu siku ile, nilisikia vibaya sana, siyo kwa hela, kwa sababu nilimwamini yule bwana na nilimuuliza kabisa umemaliza akasema kila kitu fresh mkuu.

Ndo maana Gerezani niliongea. Yule dada aliniuliza sasa kaka yangu nimwambieje, katuma kwa upendo. Nikamwambia mwambie ukweli, na boksi mtunzie, akija likizo arudi nalo likatumike kulekule. Fundi akashuka ngazi, akatafuta rangi nyeupe akapaka pale ncha ilipogusa, kwa utulivu kabisa, halafu akaja kuniuliza habari ya waya wa bluu, tukaongea mpaka brekipadi zangu zikaisha kufungwa.

Tundu la IST yangu bado lipo chini ya pezi, nimeliziba kwa gundi ya bati na pembeni kutu imeanza. Mwezi ujao naenda kulichomelea kabla ya vuli, na fimbo yangu ya zamani nimeitunza kwenye buti.