Mkishaweka hiyo V8, mtaisimamisha na nini?

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya madereva na mafundi hapa Dar. Mmarekani kashusha injini ya pikapu yake ya Ford kaweka 460, ile big block ya lita 7.5, anakanyaga mafuta matairi yanatoa moshi, na chini yake watu wanaulizana sisi Bongo tunakwama wapi. Muda si mrefu mjadala umeshafika kwenye bei ya 2UZ ya mtumba, ile V8 ya petroli ya Toyota, nani ana 1VD, V8 yao ya dizeli, yenye kontroli boksi yake, fundi gani ataipachika kwenye Land Cruiser pikapu. Nimesoma meseji zote mpaka ya mwisho na nimekasirika, na siyo kwamba nachukia injini kubwa, mi nauza spea pale Gerezani, Kariakoo, hizo injini zinanilisha. Kilichonikera ni kwamba kwenye mabishano yote yale hakuna aliyeandika neno breki. Hata mmoja.

Tuanze na hao Wamarekani maana naona wanasingiziwa. Chevrolet walipoleta V8 yao ya lita 8.1 mwaka 2001, farasi 340, hawakuiweka kwenye 1500 ile pikapu nyepesi. Waliipeleka kwenye 2500HD na 3500, gari zenye chasisi na ekseli za kazi nzito, na ukitaka otomatiki ulikuwa unapewa giaboksi ya Allison, ile ile waliyoifunga kwenye dizeli yao ya Duramax, wakati mwenye lita 6.0 anapewa nyingine. Yani injini ilikuja na wenzake. Ford nao mwaka 2020 wamerudi na V8 ya petroli ya lita 7.3, farasi 430, ukiitaka unaipata kwenye Super Duty, pikapu zao za kazi nzito, kwenye F-150 nyepesi huipati. Na hata kiwanda kikijipanga hivo bado kuna mahali panagoma. Dodge walipoweka Cummins ya lita 5.9 kwenye pikapu mwaka 1989, injini ya lori kabisa, chuma kinachokaribia kilo 500, injini yenyewe ikajenga jina mpaka leo, kilichoteseka ni giaboksi zilizofungwa nyuma yake, mpaka ile NV4500 ya miaka ya tisini watu wanaikumbuka kwa nati ya gia ya tano kulegea. Hao ni watu wenye maabara na viwanja vya majaribio. Kwahiyo mtu akiniambia "mbona Wamarekani wanaweka", namuuliza umeangalia na kule chini wameweka nini?

Sasa nije kwa bamdogo, maana hili limefika mpaka nyumbani kwetu. Bamdogo ana Land Cruiser pikapu, HZJ79, kabini moja, anapanda Ilula kule Iringa na mbolea na bidhaa za duka, anashuka Dar na nyanya. Miaka yote hiyo injini ni 1HZ, dizeli isiyo na tabo (turbo, ile inayoisukumia injini hewa). Mwaka jana fundi akamwambia mzee hii injini imechoka, tukuwekee 1HD-FTE, dizeli yenye tabo ya Land Cruiser VX, nguvu mara mbili. Mara mbili siyo, lakini ni nyingi kweli: 1HZ ina farasi kama 130 na torki, yani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 285 hivi, 1HD-FTE inavuka farasi 200 na torki inafika Nm 430. Ikaingia vizuri tu, zile bloku ni ukoo mmoja, giaboksi ya 1HZ inaipokea. Bamdogo akawa anapiga simu kwa furaha, mwanangu gari imekuwa ndege, mlima Kitonga napanda nayapita malori.

Mi nikamuuliza, na kushuka je? Akacheka.

Wadau, hapa naomba mnisikilize vizuri. 1HZ ina cc 4,164. 1HD-FTE ina cc 4,164. Ukiwa kwenye mteremko umeweka gia umeachia mafuta, kinachoishikilia gari ni injini kugoma kuzunguka, na dizeli isiyo na eksozi breki, ile inayobana moshi ili injini iishikilie gari, inashikilia kidogo sana, madereva wa Fuso wanajua kwanini wanaiweka mapema kabla hawajaingia mlimani. Kwahiyo upande wa kupanda bamdogo kaongezewa nusu nzima ya nguvu aliyokuwa nayo, upande wa kushuka hajaongezewa chochote. Pedi za mbele zilezile, dramu za nyuma zilezile, masta silinda ileile. Afu kuna kitu ambacho hakuna fundi anakwambia siku ya kupokea hela: injini ikishakuwa na nguvu mzigo unaongezeka wenyewe. Zamani 1HZ ikizidiwa inakwambia, inaanza kulia, inatoa moshi mweusi, unarudisha namba mbili unajua hapa nimezidisha. Ile ilikuwa mizani ya bamdogo. Sasa hivi anaongeza matenga, gari haisemi kitu, anaongeza mengine, bado haisemi. Na mizani ya TANROADS ni ya magari ya tani 3.5 kwenda juu, pikapu inapita pembeni, kwahiyo hakuna wa kumwambia. Na mwendo nao unapanda. Mtu aliyezoea kutembea 80 na mzigo sasa anatembea 100 bila kujua, anaona ni tofauti ndogo, kumbe joto ambalo breki inatakiwa ilimeze mpaka gari isimame limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ile kazi ya kusimamisha inakuwa mara nne. Hiyo haijadiliwi na haina fundi wa kuipunguza.

Ikafika siku anashuka Kitonga na nyanya, ile kona za chini kabisa, pedali ikawa ngumu. Anakanyaga kwa miguu miwili, gari inapunguza kidogo inaendelea. Kilichomuokoa ni kwamba ni dereva wa siku nyingi, alikuwa ameshaingiza namba mbili mapema, na mbele yake hapakuwa na lori limesimama. Akaja kutulia Ruaha Mbuyuni, magurudumu ya mbele yanatoa moshi. Utingo wake ndo alinipa maelezo ya maana kuliko yote, kijana mdogo ila ana macho: rimu za mbele zilikuwa haziguswi kwa moto, za nyuma unaweka kiganja na unakiacha.

Gari ilipofika Dar nikamwambia ailete gereji moja Tabata ninapofahamiana nao, tukaiangalia wenyewe. Akaiwasha, mi nimeinama kwenye boneti. Ule mpira unaotoka kwenye vakyum pampu kwenda kwenye busta ya breki, kile kinachousaidia mguu kukanyaga, haukuwa wa vakyum, ni mpira wa mafuta, ule mweusi mlaini unaouzwa kwa mita, na wameupitisha juu ya tabo. Ukiwa wa baridi unapitisha vizuri na pedali inakuwa laini, mjini huwezi kugundua kitu. Tukaiacha iungurume mpaka ikashika moto. Ule mpira ukalegea, halafu pale katikati ukajinyonya mbele ya macho yetu, ukawa bapa, ukuta wa huku umegusana na ukuta wa huku. Busta haina hewa ya kuvutia, unabaki wewe na mguu wako. Mita moja ya mpira, jamani. Kwa injini ya mamilioni.

Sa tukaingia chini. Wanaozijua hizi gari wanajua kuna kivalvu kimefungwa kwenye chasisi huku nyuma, kina mkono mrefu umeungana na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikipakiwa, bodi inashuka, ule mkono unasukumwa, kivalvu kinaruhusu mafuta ya breki mengi zaidi yaende nyuma. Gari ikiwa tupu kinapunguza, ili matairi ya nyuma yasijifunge. Sasa bamdogo baada ya kuona gari ina nguvu aliongeza na majani ya springi, kama kila mtu hapa anavyofanya. Springi zikawa ngumu, ukipakia bodi haishuki kama zamani, kivalvu kinadhani gari iko tupu, kinabana breki za nyuma wakati mgongoni kuna nyanya zaidi ya tani. Kazi yote inaenda mbele, ndo maana mbele moshi na nyuma kiganja kinakaa. Nimeona gari ngapi ule mkono umefungwa kwa waya, au umekatwa kabisa, au upo ila haujasetiwa baada ya kuongeza springi! Ukimuuliza fundi anakwambia hicho hakina kazi. Kina kazi. Ukiongeza springi kisetiwe upya, kinasetika, siyo kazi ya kutwa nzima.

Na lingine lililoniuma, 1HZ yenyewe hakuna aliyeipima. Hakuna aliyepima kompresheni, nozeli hazikutolewa, pampu haikupelekwa kwenye mashine, klirensi za valvu hazikuguswa, mkanda wa taimingi hakuna anayekumbuka ulibadilishwa lini wakati Toyota wameuwekea kilomita zake za kubadilishwa. Hewa klina niliiona, imejaa vumbi la Ilula. Injini ikivuta hewa kwa shida na nozeli zinakojoa badala ya kupuliza lazima itaonekana imechoka. Nozeli sita na kupimisha pampu ni hela, sikatai, ila hailingani hata kwa mbali na 1HD-FTE pamoja na kufunga. Fundi akianza kwa kukwambia "tutoe tuweke" kabla hajashika kifaa cha kupimia, huyo kwa siku hiyo ni muuza injini.

Mengine nayataja tu. Kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha nenda TRA ikabadilishwe, usisubiri siku ya kuuza au siku ya ajali ndo uanze kujieleza kwa bima. Wanaotaka 2UZ waisubiri EWURA itangaze bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, waangalie bei ya petroli, wapige hesabu ya Mafinga kwenda na kurudi. Na wanaotaka kuibandika tabo 1HZ, ile injini ina vyumba vya kuchomea kwenye hedi, joto likizidi hedi inapasuka, kazi ya hedi za 1HZ hapa mjini haijawahi kuisha.

Haya, kuna ninachokubali, japo sipendi kitumike vibaya. 1HD-FT na FTE ni injini nzuri mno, sijaona dizeli ya kuzifananisha nazo kwenye saizi ile, na mtu anayeishi milimani, Makete au Mbinga, ana haki ya kutaka nguvu. Na najua mtaniambia Toyota wenyewe mwaka 2007 waliweka V8 ya dizeli, 1VD, kwenye hizi hizi 79, torki Nm 430 zile zile. Kweli kabisa. Lakini waliichana pua ya gari wakaipanua, boneti mpya, rejeta ikapata nafasi, magurudumu ya mbele yakatanuliwa, giaboksi ikabadilishwa. Hawakukata mdomo wa feni, ule unaoelekeza upepo kwenye rejeta, kwa grainda ili injini iingie, kama nilivyoona kwa bamdogo, feni iko wazi inapuliza pembeni na sindano ya joto inapanda kila akikaa foleni ya Kimara.

Kwahiyo anayetaka kubadilisha abadilishe, ila kwenye bei mnayokubaliana na fundi yaingie haya: klachi ya injini mpya, siyo ya zamani, maana ya 1HZ itateleza mbele ya Nm 430. Rejeta na mdomo wa feni wake. Mpira wa vakyum wa kweli, upite mbali na tabo. Pedi na breki shuu mpya, dramu zipimwe kama bado zina nyama, mafuta ya breki yamwagwe yote yawekwe mapya, kivalvu cha nyuma kisetiwe gari ikiwa na springi zake za mwisho. Bajeti ikigoma hapo, acheni kwanza injini, fanyeni hizo breki na 1HZ ipimwe.

Na siku ya kukabidhiwa msiijaribu tupu hapo barabarani mkarudi mnashangilia. Ipakieni kokoto, mzigo ule ule mnaoubeba kila siku, muipeleke Pugu mpaka Kisarawe, mshuke nayo injini ikiwa ya moto, na fundi awe amekaa kiti cha mbele.