Simu ya Jeddah na rufaa ya ami

Ramadhani iliyopita, nikiwa bado Jeddah, niliisahau simu yangu juu ya kaunta ya duka la vipuri. Adhana ya maghribi ilikuwa inaanza, watu wanakimbilia futari, nami nikakimbia nao. Kuja kukumbuka, nimeshakula, nimeshaswali, na tarawehe imeanza. Nikarudi mbio. Duka wazi, muuzaji hayupo, na simu iko palepale, imefunikwa na boksi tupu isiingie vumbi. Watu wa Marikiti, soko letu la Mombasa, hamna haja nimalizie. Mnajua simu ile ingekuwa imeshavalishwa kava jipya na kuuzwa mara mbili.

Kwa furaha nikatuma sauti kwenye grupu la familia. Ami akajibu kabla sijafika chumbani: "Hiyo ndiyo baraka ya kuhukumiwa kwa Kitabu. Sisi Kenya tunahukumiwa na wezi." Grupu zima likamuunga mkono. Mimi nikanyamaza. Nikanyamaza miezi yote hiyo hadi mkataba ukaisha, nikagongewa muhuri wa kuondoka moja kwa moja na ndege ikatua uwanja wa Moi, Mombasa. Leo ndiyo naandika, na kule kusubiri nitue ndipo niandike ni sehemu ya jibu langu kwa ami.

Kabla hamjaanza, najua nitakavyoitwa. Mmoja atasema nimekula mkate wa Waarabu miaka minane na sasa nawatemea. Mwingine atasema huyu amepanda ndege mara nne amekuwa mwanachuoni. Mkate nimekula kweli, na nimeupenda. Nimetembea saa nane za usiku na mshahara mfukoni bila kugeuza shingo nyuma. Mara ngapi umefanya hivyo Mombasa? Nimeona hospitali safi, barabara zisizo na mashimo, na karani anayekuhudumia bila kukuuliza "chai iko wapi". Nikikumbuka ofisi zetu natamani kulia. Kwa hiyo sikuja kuwatetea wezi wetu.

Ninachobishana na ami ni hilo neno "Kitabu".

Saudia, Sheria yao ya Msingi ya mwaka 1992 inaanza kwa kusema katiba ya nchi ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Sunna ya Mtume wake. Sawa. Mimi nilifika mwanzoni mwa 2017. Mwanamke alikuwa haruhusiwi kushika usukani, na ukiuliza, sababu unapewa kwa lugha ya dini. Sinema hazikuwepo, nazo sababu ni dini. Septemba mwaka huohuo ikatoka amri ya mfalme, na tarehe 24 Juni 2018 wanawake wakaingia barabarani. Miezi miwili kabla yake sinema ilikuwa imeshafunguliwa Riyadh. Mwaka 2021 maduka yakaruhusiwa kubaki wazi wakati wa swala, na mimi niliyezoea kutolewa dukani na soda mkononi nikabaki nimeduwaa. Katika muda huo wote Kitabu hakikushuka upya. Herufi ni zilezile nilizochapwa bakora nazo chuoni, madrasa ya Kibokoni. Aliyebadilika ni msomaji.

Mimi nafurahi yamebadilika, na bosi wangu wa mwisho alikuwa mwanamke anayejiendesha mwenyewe hadi ghalani. Lakini tazameni na hili. Mei 2018, wiki chache kabla ya ruhusa kuanza, baadhi ya wanawake waliokuwa wakiidai kwa miaka walikamatwa. Mmoja wao, Loujain al-Hathloul, alitoka gerezani Februari 2021, wanawake wenzake wameshaendesha magari zaidi ya miaka miwili na nusu. Jambo lilikuwa limeshahalalishwa, na aliyelisema mapema bado yuko ndani! Kosa lake lilikuwa kumtangulia msomaji.

Hapo ndipo ninapokwama na serikali ya dini, iwe ya nani. Watawala wetu wakitunga sheria mbaya, sheria hiyo ni ya kwao na tunawatukana kwa majina. Anayetawala kwa jina la Mungu, ukimwambia umekosea, anakuuliza kama unambishia yeye au unambishia Mola wako. Mahakama za rufaa zipo hata kule, sidanganyi. Nazungumzia pale juu, inapotoka sheria yenyewe: Baraza lao la Shura lina watu 150 na wote wanateuliwa na mfalme. Usomaji usipokupendeza hakuna wa kumnyima kura.

Najua ami atanirudishia kisa cha Sayyidna Ali na deraa yake, vazi lake la chuma la vitani, kile tulichosimuliwa sote. Khalifa mzima anamshtaki Myahudi kwa Kadhi Shuraih, anaulizwa mashahidi, anamleta mwanawe, kadhi anaukataa ushahidi wa mtoto kwa babake, na khalifa anashindwa kesi. Nakipenda kisa hicho. Lakini kisikilizeni vizuri: utamu wake wote ni kwamba mtawala alishindwa! Kadhi hakumwogopa, na asiye Mwislamu alitoka na deraa yake mkononi. Nionyesheni serikali ya leo inayotawala kwa dini ambayo mkuu wake hushindwa kesi na mgeni asiye wa dini yake, nami nitahamia huko kesho.

Tulikuwa na dada mmoja wa kutoka pwani yetu, mfanyakazi wa nyumbani. Miezi minne hajalipwa, na paspoti imefungiwa kabatini kwa kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, jambo ambalo hata sheria za kule zinalikataza. Nyumba yenyewe ni ya swala tano. Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka wanaijua kuliko mimi. Mwaka 2021 wafanyakazi wengi wageni walilegezewa masharti ya kubadili mwajiri na kutoka nchini, ila wa majumbani wakaachwa nje ya mpango ule, wao hasa waliofungiwa mlango. Alipotoka hatimaye, alitoka kwa mchango wetu wa vibarua na kelele za ndugu zake huku nyumbani. Simu yangu ililindwa vizuri kuliko yeye, na nikilikumbuka hilo furaha ya ile kaunta inapungua.

Na uaminifu wa simu nao tusiuzidishie. Mimi mgeni nikiiba, napoteza iqama (kibali cha kuishi), kazi na kila kitu kwa siku moja. Kamera ziko kila kona. Japan nako simu iliyopotea hurudishwa, na katiba yao ya 1947 imeikataza serikali kabisa kujiingiza katika dini.

Sasa nawaona ndugu zangu Wakristo wanatabasamu: "Tulisema sisi." Hebu ngojeni kidogo. Ni nyinyi mnaotaka Kenya itangazwe taifa la Kikristo kila uchaguzi ukikaribia, wagombea wanapiga magoti mbele ya kamera na bahasha mfukoni. Ulizeni Zambia. Rais Frederick Chiluba aliitangaza nchi yake kuwa taifa la Kikristo mwishoni mwa 1991, na mwaka 1996 likaingizwa kwenye katiba. Mwaka 2007 mahakama ya London ikamkuta na hatia katika kesi ya madai, yeye na wenzake, kwamba walikula njama kuiba dola milioni 46 za nchi hiyohiyo. Kwao Lusaka alikuja kuachiliwa mwaka 2009, semeni mnavyotaka. Mimi nasema tangazo halikulinda hata shilingi.

Kinachonichekesha ni kwamba sisi, pamoja na takataka zetu, tunacho kitu ambacho sikukiona kule, na hatukijali. Kadhi wetu. Yumo kwenye katiba, ibara ya 170, katika nchi ambayo ibara yake ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Mwaka 2010 makanisa mengi yalimpigia kelele hadi siku ya kura ya maoni, na tarehe 4 Agosti katiba ikapita naye ndani. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, basi. Tena pande zote lazima ziwe Waislamu na zikubali kuhukumiwa naye. Hilo neno "zikubali" ningelichora ukutani. Asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu, na huko Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi na jaji kumshauri. Dini imepewa kiti, imeheshimiwa, na mlango haukufungwa kwa nje.

Mtasema kiti chenyewe kimeoza, jaji anahongwa, kesi inalala miaka. Kweli. Na msinikumbushe waliochukuliwa na magari yasiyo na namba baada ya maandamano ya Juni 2024, nilizitazama video zile chumbani Jeddah mikono ikitetemeka. Haki yetu ni mbovu, wallahi, mbovu hasa. Lakini ubovu wetu tunauita ubovu, na hakuna anayetuambia ni qadari.

Ami mwenyewe analijua hili kuliko sote, ndiyo maana maneno yake yaliniwasha. Nyumba ya babu pale Mji wa Kale ina kesi. Shangazi alidai fungu lake, fungu la binti lililoandikwa ndani ya Qur'ani, nusu ya la kaka yake, hakuongeza hata senti. Ami akasema nyumba alipewa na babu kwa hiba. Kadhi akasikiliza, akaona hiba haikuthibitika, akaamua shangazi apewe fungu lake kwa mujibu wa Kitabu. Na ami, huyu anayetaka nchi nzima ihukumiwe kwa Kitabu, alifanya nini? Alikata rufaa Mahakama Kuu, kwa jaji wa katiba ya wezi.

Simlaumu kwa kukata rufaa. Ni haki yake.

Juzi nilikwenda kumwamkia. Nikambusu mkono, tukanywa kahawa, na mwisho nikajikaza kumuuliza rufaa imefika wapi. Akaguna. Imesogezwa hadi mwezi ujao, faili halionekani. Nilipoinuka kuondoka akanifuata hadi mlangoni: "Mwanangu, hiyo simu itie mfuko wa mbele. Hapo kona kuna vijana."