Hodi Katika Maktaba ya Helsinki

Kila mji ninaofika, jambo la kwanza huulizia maktaba iko wapi, kwa kuwa humo mgeni hukaa bure, hupata joto, na huwatazama wenyeji wakiendelea na maisha yao ya kila siku bila ya mtu kumuuliza atanunua nini. Ndiyo maana siku yangu ya pili Helsinki, mwezi wa Januari, nilikuwa nikivuka uwanja unaotazamana na Bunge la Ufini kuelekea Maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa Desemba 2018. Jina hilo kwa Kifini ni utenzi wa sifa, lakini sikio langu la Kitanga lilisikia "hodi" tu, nami nikajiona nimekwisha kukaribishwa.

Hatua chache kabla ya mlango niliteleza kwenye barafu, mguu mmoja ukaelekea bungeni na wa pili maktabani, na suruali yangu ya pekee ya semina ikafumuka mshono wa nyuma kuanzia kiunoni hadi mapajani.

Nilijifunika kwa koti, nikapanda ghorofa ya pili. Vitabu viko ghorofa ya tatu. Hapa kuna vyumba vya kurekodia muziki na cherehani za umeme ambazo mtu yeyote hushonea bila malipo. Kwetu ningempelekea fundi wa barazani, nikae nikisikiliza umbea huku akishona. Huku fundi ni wewe mwenyewe, na mimi, niliyekanyaga cherehani ya mjomba utotoni, sikuona tatizo. Kwenye begi nilikuwa na kikoi, ambacho mke wangu alikitia kwa nguvu ingawa nilimwambia kuwa kule ni baridi. Nikabadili msalani, nikarudi na suruali mkononi, nikaketi katikati ya Wafini ambao hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Cherehani ya mjomba ilitaka nguvu za punda. Hii niliigusa kwa ncha ya kiatu tu, ikatimka. Nikaikumbatia suruali mapajani isinitoroke, nikashona kwenda na kurudi, tena mara mbili, ili mshono ushike. Ukashika kweli. Nilikata uzi, nikasimama kwa majivuno ya fundi aliyemaliza kazi kabla ya Idi, na suruali nayo ikasimama pamoja nami. Nilikuwa nimeishonea kwenye kikoi, kwa mbele, na miguu yake miwili ilining'inia kama ya mtoto aliyebebwa akiwa usingizini.

Kuivuta sikuthubutu, maana kikoi kingevuka, na chini yake palikuwa na bukta iliyostahili kustaafu tangu zamani. Bibi mmoja aliyekuwa akishona mapazia jirani yangu alinisogezea kijiti chenye ncha kali cha kufumulia nyuzi, bila ya neno, bila ya tabasamu, kisha akarudi kwenye mapazia yake. Nilifumua uzi mmoja mmoja, nikiwa wima, jasho likinitoka katika nchi ya barafu.

Nilipofika nusu, kijana wa meza ya pili alivua vipokea sauti na kuniuliza, kwa adabu kubwa, kama vazi hilo ndilo la asili kwetu. Nilitafakari kidogo, nikamjibu kuwa ndilo, ila huvaliwa sikukuu tu. Alishukuru, akatoa daftari na penseli, akachora kwa makini hadi miguu ile inayoning'inia, kisha akaniomba nigeuke ili achore na upande wa nyuma.